Mashine Ina Macho Mengi, Lakini Shahidi Ni Mtu

Wahenga walinena ya kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Neno hilo lilitosha kwa karne nyingi, kwa sababu jicho walilolijua wao lilikuwa jicho la mtu, na nyuma yake palikuwapo ulimi wa kueleza lililoonekana, na uso wa kuona haya pindi ukisemwa uongo. Siku hizi limezuka jicho la namna nyingine. Halilali, halichoki, halipepesi. Wala halina ulimi, wala halina haya. Tena haliji peke yake, bali huja na wenziwe kumi au zaidi, yakapachikwa juu ya paa la uwanja, na nyuma yao ipo mashine iliyofundishwa kutambua mpira, mguu, bega na umati wa watu.

Twapenda kunena leo juu ya macho hayo, yaani kamera nyingi zinazotazama jambo moja kwa wakati mmoja, na mashine zinazojifunza, ambazo huziunganisha picha zote, huzichambua, na kuzirusha kwa njia ya intaneti hata mtu aliye mbali akazitazama papo hapo. Twanena sasa kwa sababu jambo hili limekwisha kutukaribia. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda heshima ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashindano makubwa ya zama hizi hayaji mikono mitupu. Huja na mitambo yake. Wala si vyema mwenye nyumba angoje mgeni amweleze kilichomo ndani ya mzigo aliouingiza sebuleni.

Tuanze na faida, maana si haki kukishitaki kitu kabla ya kukishukuru. Zamani kuurusha mchezo mmoja wa mpira kulitaka gari zima la mitambo, wapiga picha kadhaa, na fundi mkuu wa kuamua ni picha ya kamera ipi iende hewani. Gharama hiyo waliiweza wakubwa peke yao. Timu ya wilaya, timu ya wanawake, timu ya shule, zote zilicheza mbele ya waliokuwapo uwanjani, na jua likizama habari za mchezo ule zilibaki midomoni mwa watu. Leo kifaa kimoja chenye lenzi kadhaa huweza kusimikwa juu ya mlingoti katikati ya uwanja. Kila lenzi huona sehemu yake. Mashine huzishona sehemu hizo kama fundi cherehani ashonavyo vipande vya kitambaa, ikapatikana picha moja pana ya uwanja wote. Kisha mashine hutafuta mpira ulipo na wachezaji walikokusanyika, hukata kutoka katika picha ile pana dirisha dogo lenye mchezo wenyewe, na dirisha hilo ndilo linalorushwa kwa watazamaji. Hapana mpiga picha anayeigeuza kamera kwa mkono. Kinachogeuka ni dirisha. Basi timu isiyoweza kulipa wapiga picha wanne huweza kuonwa na mji wake, na mzazi aliye safarini akamwona mwanawe akicheza. Hili si jambo dogo, nasi twalipokea kwa furaha.

Walakini yafaa tuulize: mashine ile imejuaje ya kuwa huu ni mpira na kile ni kichwa cha mtu? Haikuzaliwa na maarifa hayo. Watu waliionyesha maelfu ya picha ambazo mpira umetiwa alama, nayo ikajitafutia dalili: umbo la mviringo, ukubwa fulani, weupe fulani, mwendo fulani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ikiwa umemlea katika viwanja vya majani mabichi na taa kali, siku atakapopelekwa kwenye uwanja wa vumbi jekundu, jua la saa tisa likiwa usoni na mpira umechakaa hata rangi yake haijulikani, msishangae akipotea njia.

Hayo si mashaka ya kubuni. Mwezi wa Oktoba 2020, huko Inverness katika Uskochi, timu ya Inverness Caledonian Thistle ilicheza na Ayr United bila ya mashabiki uwanjani, kwa ajili ya maradhi ya Korona. Waliokuwa majumbani walitazama kwa kamera ya aina tuliyoieleza. Mshika kibendera wa siku ile alikuwa na kipara. Kichwa chake kiking'aa kando ya mstari, mashine ilikidhania kuwa ni mpira. Na mara kwa mara dirisha likauacha mchezo, likamfuata mzee wa watu akikimbia na kibendera chake. Dunia nzima ilicheka, nasi hatuna budi kukiri ya kuwa tulicheka pia. Kosa lile halikumdhuru mtu, na kila mtazamaji alilitambua mara moja. Kosa ambalo kila mtu aliona si kosa la hatari. Hatari i katika kosa ambalo mashine hulifanya kimya kimya, na wenye macho wakanyamaza pamoja nayo.

Tuyatazame basi mashindano ambayo neno la mashine si la burudani tu, bali ni hukumu. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, katika Kombe la Dunia, Frank Lampard wa Uingereza aliupiga mpira ukagonga mwamba wa lango la Ujerumani, ukaanguka ndani ya mstari kwa kiasi ambacho aliyeketi mbali alikiona, kisha ukarudi nje. Mwamuzi na wasaidizi wake hawakuona, wala bao halikuhesabiwa. Matokeo ya mchezo yalikuwa 4 kwa 1, Ujerumani ikashinda. Lakini wakati ule yalikuwa bado 2 kwa 1, na bao lile lingalizisawazisha timu. Kelele zilizofuata ndizo zilizoufungua mlango. Mwezi wa Julai 2012 wenye kutunga sheria za mpira waliruhusu mitambo ya kulinda mstari wa lango, na katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 kila uwanja uliwekewa kamera 14, yaani 7 kwa kila lango, na mwamuzi akavaa saa mkononi ya kumpa ishara bao likiingia.

Kutoka hapo mwendo ulikuwa wa kasi. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kamera 12 chini ya paa ziliwafuata wachezaji wote, zikapima hadi nukta 29 za mwili wa kila mmoja, mara 50 katika kila sekunde. Na ndani ya mpira mlikuwa na kifaa kilichopeleka habari mara 500 kwa sekunde, ili ijulikane kwa hakika ni lini ulipigwa. Mchezo wa kwanza kabisa, wa Qatar na Ecuador, ulikuwa bado haujatimiza dakika tano Enner Valencia alipofunga, na bao likakataliwa, kwa kuwa mguu wa mwenziwe ulikuwa umeotea kwa kiasi ambacho jicho la mtu lisingaliweza kukiapia. Lakini msomaji aangalie jambo moja ambalo husahauliwa: mashine ya Qatar haikutoa hukumu. Ilitoa habari kwa waamuzi waliokaa mbele ya picha, nao waliitazama na kuihakikisha kabla ya kumwambia mwamuzi wa uwanjani. Mashine ilinong'ona, mtu akanena.

Sasa tuiangalie siku ambayo mashine haikunong'ona. Tarehe 17 Juni 2020, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Aston Villa walicheza na Sheffield United. Mpira wa adhabu ulipigwa, golikipa wa Villa akaudaka, akarudi nyuma nao hata akauvusha mstari wa lango lake mwenyewe. Picha za televisheni zilionyesha jambo hilo wazi. Wachezaji wa Sheffield waliinua mikono wakidai bao. Mwamuzi akawaonyesha saa yake: haikutoa ishara. Baadaye kampuni yenye mitambo iliomba radhi, ikaeleza ya kuwa kamera zake zote 7 za upande ule zilizibwa na miili ya wachezaji na nguzo ya lango, jambo ambalo halijapata kutokea katika michezo zaidi ya 9,000. Mchezo ulikwisha 0 kwa 0. Na msimu ulipomalizika, Aston Villa waliokoka kuteremka daraja kwa pointi 1 tu, na Bournemouth wakateremka.

Twawaomba wasomaji wetu waupime mkasa huu kwa utulivu, kwa maana ndani yake yamo yote tutakayo kuyasema leo. Mashine ilishindwa, hilo lawezekana, kwa kuwa hakuna chombo kisichoshindwa. Mara moja katika michezo 9,000 si aibu kwa fundi yeyote. Lakini wapi walikuwa watu? Uwanjani palikuwa na waamuzi. Mbali na uwanja palikuwa na mwamuzi wa video, mwenye picha mbele yake na uwezo wa kuzirudia. Hakuna aliyesema neno. Miaka kumi kabla, huko Bloemfontein, waamuzi walikosea kwa sababu hawakuona. Huko Birmingham picha ilikuwapo, wala haikutumiwa, kwa sababu saa ilinyamaza. Hapo ndipo methali yetu ilipopinduliwa: mwenye macho akangoja aambiwe tazama.

Basi madhara makubwa ya mashine hizi si ya kwamba hukosea. Ni ya kwamba hukosea mara chache sana. Mtumishi akosaye kila siku, bwana wake humchunga. Bali mtumishi aliyesema kweli mara elfu tisa, bwana wake huacha kumchunga, hata siku anaponyamaza kwa kuwa amezibwa macho, kimya chake hutiwa muhuri kana kwamba ni ushahidi. Kimya cha mashine si ushahidi wa kuwa jambo halikutokea. Chaweza kuwa na maana ya kuwa kamera imezibwa, au waya umekatika, au mtu amekizima chombo.

Hilo la mwisho nalo limekwisha kutokea. Mwaka 2025 mashindano ya tenisi ya Wimbledon, London, yaliwaondoa waamuzi wa mistari kwa mara ya kwanza katika miaka 147, mahali pao pakashikwa na kamera na sauti ya mashine. Tarehe 6 Julai, katika uwanja mkuu, sehemu ya mitambo ilizimwa kwa makosa ya mwendeshaji, wala hakuna aliyejua kwa muda. Mpira wa Sonay Kartal wa Uingereza ulitua nje waziwazi, mashine kimya. Mwamuzi aliyeketi kitini akausimamisha mchezo, akauliza kwa simu, kisha akaamuru pointi ile ichezwe upya, naye Anastasia Pavlyuchenkova, aliyestahili kuipata, akaikosa. Wakuu wa mashindano waliomba radhi. Lakini zamani pale palisimama mtu mwenye macho ya kuutazama mstari ule na kinywa cha kusema. Safari hii hapakuwa na mtu.

Wako watakaotujibu: je, mwataka turudi kwenye makosa ya Bloemfontein? La hasha. Twajua ya kuwa jicho la mtu huchoka, hupendelea, hutishwa na kelele za mashabiki, na pengine hununuliwa. Mashine hainunuliwi kwa bahasha. Twaitaka mashine. Lakini kumsaidia mwamuzi ni jambo moja, na kumvua uamuzi ni jambo jingine. Mwamuzi akosaye aweza kuitwa mbele ya kamati, akaulizwa, akajibu, akaadhibiwa au akasamehewa. Mashine haiitwi mbele ya kamati. Ukimwondoa mtu kabisa, hukuliondoa kosa. Umemwondoa yule wa kulijibia.

Kama haya yangaliishia kwenye chaki za uwanja, pengine tungaliwaachia waandishi wa michezo. Lakini kamera zinazomfuata mchezaji hazina tofauti kubwa na kamera zinazomfuata aliyekuja kumtazama mchezaji. Maarifa ni yale yale: unganisha macho mengi, mtambue mtu katika picha, mfuate aendako, toa ishara likitokea jambo fulani. Macho hayana pazia. Ufaransa waliliona hilo walipojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024. Sheria yao ya Mei 2023 iliruhusu, kwa majaribio, mashine kuchambua picha za kamera mahali pa mikusanyiko, na majaribio hayo yakawekewa mwisho wa tarehe 31 Machi 2025. Matukio ya kutafutwa yalitajwa moja moja, yakiwa aina 8: msongamano wa watu, mbio za ghafla, mzigo ulioachwa, moto, silaha, mtu aliyeanguka, anayekwenda kinyume cha njia, na aingiaye palipokatazwa. Kutambua watu kwa nyuso zao kulipigwa marufuku. Na ikaandikwa ya kwamba ishara ya mashine, peke yake, haiwezi kuwa msingi wa kumchukulia mtu hatua yoyote.

Wapo Wafaransa walioipinga sheria hiyo kwa nguvu, wakihofu ya kuwa majaribio ni kiatu cha kuingilia mlangoni. Na hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini kulikuwa na jambo la kuigwa: waliunda kamati ya kutathmini, nayo mwanzoni mwa 2025 ikasema wazi. Mashine iliweza vizuri kumtambua aingiaye palipokatazwa. Katika mizigo iliyoachwa ilihangaika, ikichanganya mabenchi, mapipa ya taka na ndoo za wafagizi. Hebu fikiri: ndoo ya mfagizi kudhaniwa kuwa ni mzigo wa hatari! Ni kile kile kipara cha Inverness, isipokuwa hapa mwisho wa kosa si kicheko, bali askari kumjia mfagizi aliye kazini.

Turudi nyumbani. Mwezi wa Agosti 2025 nchi zetu tatu ziliandaa mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Huko Kasarani, Nairobi, baadhi ya watu walijipenyeza bila tiketi, vurugu zikatokea milangoni, hata Shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa. Hatuna shaka ya kuwa kamera zenye kuhesabu watu na kuonya mapema msongamano unapoanza zaweza kuokoa roho za watu, maana mlango wa uwanja umepata kuwa kaburi katika nchi nyingi. Kwa hiyo hatusemi mitambo ikataliwe. Twasema ipokewe kwa masharti, nayo ni matatu.

Kwanza, mashine ifunzwe na kupimwa hapa kwetu: kwa watu wetu, kwa jua letu, kwa mvua yetu, kwa viwanja vyetu, kabla ya siku ya kuitegemea. Chombo kilichofaulu mahali pengine kimefaulu mahali pengine. Na matokeo ya kipimo hicho yatangazwe, yawe mazuri au mabaya.

Pili, kila mahali patakapowekwa jicho la mashine awepo mtu mwenye jina na cheo, mwenye haki ya kusema “mashine imekosea”, wala asiogope kuadhibiwa kwa kuyaamini macho yake. Sharti hili si geni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, katika kifungu cha 35, humpa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye kumgusa kisheria. Uganda nayo ilitunga sheria yake ya data mwaka huo huo wa 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria tunazo. Kinachobaki ni kuziingiza uwanjani kabla ya kamera, si baada yake.

Tatu, ijulikane mapema picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na mikononi mwa nani. Mtu akinunua tiketi amenunua nafasi ya kutazama mpira. Hakuuza uso wake. Mashindano yakiisha na wageni wakiondoka, picha za raia zisibaki katika ghala la mtu asiyejulikana, wala kamera zilizowekwa kwa ajili ya mwezi mmoja zisije zikageuka wakazi wa kudumu pasipo mtu kuulizwa.

Hatuombi mambo makubwa. Mwamuzi wa Villa Park alikuwa na saa, naye aliitii. Twataka waamuzi wetu, maaskari wetu na wasimamizi wa milango yetu wawe na saa bora kuliko ile, kisha wawe na ujasiri wa kuinua macho kutoka kwenye saa na kuutazama mstari wenyewe. Mpira ukiwa umevuka, umevuka, ijapokuwa saa imenyamaza.